Kuunda bendi ya fest-noz: mguu kwanza, ala baadaye

Bendi nyingi zinazotaka kupiga muziki wa Bretagne huanza kwa kutafuta ala, na hapo ndipo zinapopotea. Bretagne, rasi ya magharibi mwa Ufaransa, ina muziki wa kusikilizwa, kama zile nyimbo ndefu za masimulizi ziitwazo gwerz, na ina muziki wa kuchezwa. Huu wa kuchezwa una bwana mmoja, naye ni mguu wa mchezaji. Mtu anayekwenda fest-noz, yaani "sherehe ya usiku" kwa Kibretoni, haendi kutazama jukwaa. Anaingia ukumbini, anamshika mkono mtu asiyemjua, anaingia kwenye duara au mnyororo, na kwa saa kadhaa anaweza asikuangalie hata mara moja. Ukiwa jukwaani usilione hilo kuwa dharau. Pima kazi yako kwa kuangalia sakafu.

Neno "kisasa" lina mtego wake hapa. Zamani ngoma hizi zilichezwa baada ya kazi za shamba, na mara nyingine zilikuwa kazi zenyewe: watu waliitwa kukanyaga sakafu mpya ya udongo au uwanja wa kupuria nafaka mpaka ushindiliwe ukawa mgumu. Miaka ya 1950, desturi ilipokuwa inafifia vijijini, Loeiz Ropars na wenzake huko Poullaouen, katikati ya Bretagne, waliihamishia kumbini: waimbaji wakapanda jukwaani, wakapewa maikrofoni, na watu wakacheza chini. Fest-noz ya leo, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, imetokana na uamuzi huo. Kwa hiyo gitaa la umeme, drams na kompyuta si uvamizi. Tangu miaka ya 1970, enzi za mpiga kinubi Alan Stivell na bendi kama Sonerien Du, hadi Ar Re Yaouank waliowarusha vijana hewani miaka ya 1990, kila kizazi kimeingiza ala zake. Kinachomfukuza mchezaji sakafuni ni mdundo usiosema mguu uende wapi.

Jifunzeni kucheza, wote

Kila mwanabendi acheze, na mpiga drams awe wa kwanza. Anzeni na ngoma sita: an dro, hanter dro, laridé, gavotte ya milimani, plin na fisel. Halafu ongezeni mbili tatu za wawili wawili, kama scottish na mazurka. Vikundi vya mafunzo viko katika miji mingi ya Bretagne, na pia Paris, ambako Wabretoni walihamia kwa wingi. Anayeishi mbali aanze na video, lakini asiishie hapo. Mkono wa jirani hufundisha mambo ambayo kioo hakiwezi kuyaonyesha.

Chukua an dro, iliyo rahisi kuliko zote na inayotoka upande wa Vannes, kusini mwa Bretagne. Mshike jirani kwa kidole cha mwisho. Duara linakwenda kushoto. Moja: mguu wa kushoto unakwenda kushoto. Mbili: wa kulia unaufuata. Tatu: wa kushoto tena. Nne: tulia. Tano, sita, saba: kulia, kushoto, kulia, papo hapo ulipo. Nane: tulia. Mikono nayo inazunguka, nusu ya kwanza kuelekea kifuani, nusu ya pili ikirudi nje. Fanya hivyo kwa dakika sita bila kusimama, utagundua kitu ambacho nota haziandiki: hesabu ya nne na ya nane ndipo mwili unapopumua. Mpiga drams anayejaza nafasi hizo mbili kwa misururu ya tamtam anamsukuma mchezaji mgongoni wakati anataka kutua. Akishacheza mwenyewe, ataziacha wazi bila kuambiwa.

Gavotte ya milimani ina hesabu nane pia, ila kati ya ya tatu na ya nne kuna hatua ya ziada: moja, mbili, tatu-na-nne, tano, sita, saba, nane. Ile "na" ndiyo roho ya ngoma. Bendi ikipiga mapigo nane yaliyolingana kama ya mashine, wachezaji wazoefu wataichomeka wenyewe, lakini wageni wataburuta miguu na mnyororo utakatika. Tena gavotte si moja. Ya milimani si ya Pont-Aven, na ya Pont-Aven si ya Bigouden. Usitangaze "gavotte" tupu kwenye maikrofoni, kwa sababu watu watauliza ya wapi, na wana haki ya kuuliza.

Hanter dro maana yake ni nusu mzunguko. Inakwenda kwa mafungu ya tatu na wachezaji wamebanana mkono kwa mkono. Plin inachezwa bega kwa bega, viwiko vimekunjwa, miili inadunda juu na chini pamoja. Fisel, ya upande wa Rostrenen, ndiyo inayokausha mapafu.

Jifunzeni kupokezana kabla ya kupiga

Kabla ya ala yoyote kuna sauti mbili za watu. Uimbaji huu unaitwa kan ha diskan, yaani kuimba na kupokea, na kila kitu kinachopigwa kwenye gavotte, plin na fisel kinatokana nao. Aliyekulia penye nyimbo za kuitikiana atadhani anaujua tayari. Anaujua nusu. Katika kuitikia kwa kawaida kiongozi anamaliza, kisha wengine wanajibu. Katika kan ha diskan hakuna mwanya. Mwimbaji wa kwanza anaimba mstari. Wa pili anajiunga naye kwenye silabi mbili tatu za mwisho, kisha anaurudia mstari wote peke yake. Akifika silabi za mwisho, wa kwanza anaingia juu yake na kuanza mstari unaofuata. Pale wanapokutana sauti huwa mbili, kwa hiyo huwa kubwa zaidi, na uzito huo huangukia mahali palepale kila mara. Mchezaji husukumwa mbele na makutano hayo. Wimbo hauna ngoma wala besi, lakini mdundo wake ni wazi kabisa.

Zoezi ni hili. Chagueni mstari mmoja wa hesabu nane. Watu wawili waimbe kwa "la la le no" tu, bila maneno, kwa dakika kumi mfululizo. Mtu wa tatu acheze. Msipige makofi. Mchezaji akisimama, mmeacha mwanya. Akianza kukimbia, mnakutana mapema mno, na kila mkutano unakula kipande cha hesabu. Kosa hili la pili ndilo la kawaida, na huwa halisikiki na waimbaji wenyewe. Linaonekana kwenye miguu. Endeleeni mpaka mchezaji asahau kwamba kuna mtu anayebadilishana na mwingine.

Anayetaka maneno na lafudhi awasikilize akina dada watatu wa familia ya Goadec, halafu Yann-Fañch Kemener na Erik Marchand. Taasisi ya Dastum, iliyoanzishwa mwaka 1972, imekusanya rekodi za wanavijiji wenyewe na kuziweka kwenye mtandao. Mwimbaji anayezungumza Kiswahili ana bahati moja: Kibretoni cha sehemu kubwa ya magharibi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Kile cha Vannes hukwepa, kinakazia silabi ya mwisho, na nyimbo za an dro na hanter dro zinatoka huko. Ukiimba an dro kwa mkazo wa gavotte, mwenyeji atasikia kasoro hata kama hataweza kukueleza ni nini. Upande wa mashariki, kuelekea Rennes, nyimbo za asili ni za Kigallo (lugha ya huko iliyo jamaa ya Kifaransa) na Kifaransa, kwa hiyo usilazimishe Kibretoni pasipo na Kibretoni.

Chagueni kii, ndipo mchague ala

Wawili wa asili ni bombarda na biniu. Bombarda ni ndugu wa zumari letu la pwani: bomba la mti linalopanuka kuelekea chini, na ulimi wa tete wenye kingo mbili mdomoni. Biniu ni mfuko wa hewa wenye filimbi ndogo inayolia oktavo moja juu ya bombarda, pamoja na bomba moja la mvumo usiobadilika. Aliyezoea zumari asidhani mbinu ni ileile. Mpiga zumari huhifadhi hewa mashavuni ili sauti isikatike. Bombarda inakula midomo na presha kiasi kwamba mpigaji huacha baada ya mstari na kumwachia biniu aendelee, kisha anarudi kwenye noti za mwisho. Utaona ni kan ha diskan ileile, safari hii kwa ala. Usimlazimishe mpiga bombarda apige mfululizo eti kwa kuwa bendi ina nafasi. Baada ya dakika nne sauti itaanza kushuka, na kesho yake midomo haitafanya kazi.

Bombarda ya kawaida iko kwenye kii ya B flati, yaani noti hiyo ndiyo msingi wa melodi zake. Sasa tazama tatizo: akodiani ya vifungo inayopatikana kwa urahisi iko kwenye G na C, au A na D. Ukinunua vyote viwili bila kufikiri, umenunua ugomvi. Kuna njia tatu. Ya kwanza, agiza bombarda ya kii nyingine kwa fundi. Mafundi hutengeneza za G, A, C na D. Ya pili, tafuta akodiani iliyotengenezwa kwa B flati, ambayo ni adimu zaidi na ghali. Ya tatu, weka bombarda kwenye baadhi ya ngoma na akodiani kwenye nyingine, zikutane pale noti zinaporuhusu tu. Kwa bendi inayoanza, njia ya kwanza ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Fidla na klarineti (Wabretoni huiita treujenn-gaol, shina la kabichi) zinaingia kii yoyote, kwa hiyo ni ala salama kuanza nazo.

Gitaa lifungwe kwa mfumo wa D-A-D-G-A-D: kutoka ufungaji wa kawaida, shusha uzi wa 6, wa 2 na wa 1 kwa toni nzima kila mmoja. Ufungaji huu, ambao Soïg Sibéril aliujengea jina Bretagne, unafaa kwa sababu hukuruhusu kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) isiyo na noti ya tatu. Noti ya tatu ndiyo inayosema kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, na melodi nyingi za zamani za huku hazijaamua. Waimbaji wa zamani huiimba katikati, si juu wala chini. Ukiweka kodi kamili chini yao, mojawapo itasikika imekosea, na watu watasema mwimbaji kapotea wakati aliyepotea ni gitaa. Kwa B flati, piga umbo la G na kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye feti ya 3, au umbo la A na kapo kwenye feti ya 1.

Bajeti ya ndimi za bombarda isisahauliwe. Kuwa na tatu zilizokwisha kuzoeshwa kwenye kila onyesho, si mpya kutoka kwenye pakiti. Ulimi mkavu haulii sawa, uliolowa kupita kiasi huzama. Ulowanishe mdomoni dakika chache, piga ala kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ndipo upatanishe noti na wengine. Bomba likipata joto noti hupanda, na bendi iliyopatana ukumbi ukiwa baridi itagombana noti wimbo wa tatu. Patana upya baada ya ngoma ya kwanza, bila aibu.

Kupanga ngoma moja ya dakika sita

Tuseme mnapiga an dro kwa mapigo 120 kwa dakika. Hiyo tayari ni kasi ya ukumbi uliochangamka. 110 inafaa mwanzo wa usiku. Melodi ina mstari wa kwanza wa hesabu nane unaopigwa mara mbili, na wa pili wa hesabu nane unaopigwa mara mbili. Jumla ni hesabu 32, sawa na sekunde 16. Mizunguko 24 ni dakika 6 na sekunde 24. Chukueni melodi tatu, kila moja mizunguko minane.

Mizunguko miwili ya kwanza iwe ya ala moja au sauti moja. Wachezaji hawajapanga duara bado, wanatafutana vidole, wengine wanatoka kaunta ya vinywaji. Ukiwalipukia kwa bendi nzima sekunde ya kwanza, umetumia baruti kabla watu hawajafika. Mzunguko wa tatu gitaa liingie, wa tano besi, na drams zisije kabla ya melodi ya pili. Mkihama kutoka melodi moja kwenda nyingine, hameni mwanzoni mwa mzunguko, kamwe si katikati. Mwenye ala inayoongoza atoe ishara hesabu nane kabla, kwa kichwa au kwa kuinua bomba.

Kinachoharibu kuliko vyote ni kile kituo cha ghafla kilichozoeleka kwenye muziki wa jukwaani: bendi nzima inanyamaza kwa hesabu nne, halafu inarudi kwa kishindo. Kwa msikilizaji aliyesimama ni raha. Kwa watu mia mbili walioshikana vidole, miguu inaendelea, hesabu nne zinapita, wanarudi wakiwa nusu ya hatua nje, na duara linahitaji mizunguko miwili kujitibu. Mkitaka kishindo, ondoeni besi na drams kwa hesabu nane kamili, melodi ibaki juu peke yake, kisha rudini. Mguu haujapoteza kitu, na ukumbi utapiga kelele vilevile. Solo nazo ni ruhusa, mradi zikae ndani ya mistari ya nane nane. Mpiga fidla akitaka kuongeza hesabu mbili kwa sababu wazo lake halijaisha, wazo hilo lingoje tamasha la kukaa vitini.

Mwisho utangazwe mwilini: mzunguko wa mwisho punguzeni ala, kisha maliza kwenye hesabu ya nane. Msizime sauti polepole.

Gavotte ya milimani, plin na fisel hazipigwi hivyo. Desturi inataka mfululizo wa vipande vitatu: ngoma yenyewe, kipande cha kati cha kutuliza kiitwacho tamm-kreiz au bal, kisha ngoma tena, kwa kawaida na melodi iliyo ndefu zaidi. Katika kipande cha kati watu hutembea, hupumua, hutazamana. Bendi changa hukikata kwa kuogopa ukumbi kupoa. Msikikate. Bila hicho, wachezaji wa makamo watakaa chini kipande cha tatu, na hao ndio wanaoshikilia mnyororo. Tengeni dakika 5, 2 au 3, na 5.

Drams, besi na mashine

Muziki huu mara nyingi haukuwa na ngoma ya kupigwa kwa sababu sakafu yenyewe ilikuwa ngoma. Viatu mia nne vikitua pamoja kwenye mbao, hiyo ndiyo besi. Kwa hiyo swali la kwanza la mpiga drams liwe: naacha nini? Dramu kubwa kwenye kila pigo, kama muziki wa disko, inaweza kubeba an dro na hanter dro. Kwenye gavotte inaua ile "na". Hapo dramu kubwa ipige moja na tano, fimbo zifuate hatua ya tatu-na-nne, na simbali zisubiri. Kwenye plin na fisel noti fupi hazilingani, ya kwanza ni ndefu kidogo kuliko ya pili, lakini si ndefu kiasi cha kuwa mdundo wa jazi. Kiasi chenyewe hakiandikiki. Rekodi waimbaji wawili, cheza juu yao kwa fimbo kwenye goti mpaka fimbo na silabi ziwe kitu kimoja.

Mashine zina shida yao. Waimbaji na wapigaji wa asili husogeza kasi juu kidogo wachezaji wanapopata moto, na mashine haisogei. Mkipiga na kompyuta, amueni ngoma mbili tatu tu za namna hiyo, chagueni kasi sahihi tangu mwanzo, na nyingine zote zipigwe bila mashine masikioni. Au mpeni mpiga drams vitufe ayarushe mafungu ya sauti kwa mkono, hesabu nane nane, ili yeye ndiye awe saa. Besi ya sinthesaiza yenye mvumo mmoja usiobadilika inakaa vizuri ajabu chini ya biniu, kwa sababu biniu nayo ina mvumo wake. Hakikisheni tu ni noti ileile.

Kupanda kwa kasi kupimwe. Rekodini zoezi, pimeni mapigo dakika ya kwanza, ya tatu na ya mwisho. Kupanda mapigo 3 au 4 kunasikika kama uhai. Kupanda 10 kunamaanisha mtu mmoja anakimbia, na mara nyingi ni gitaa la kusindikiza wala si drams.

Ukumbi na mitambo

Fundi mitambo asiyejua fest-noz atawasha kila kitu kuelekea katikati ya ukumbi, kama kwenye tamasha. Mwambieni mapema kwamba watu watazunguka ukumbi mzima, na mnyororo mmoja unaweza kuwa na kichwa chini ya jukwaa na mkia mlangoni. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Aliye mita 34 kutoka kwenye spika anaisikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, na kwa mapigo 120 hiyo ni sehemu ya tano ya pigo. Mkono wake umeshikwa na mtu aliye mbele yake, masikio yake yanachelewa, na mnyororo unavutana. Kwenye ukumbi mrefu wekeni spika za ziada katikati, zicheleweshwe milisekunde 3 kwa kila mita kutoka jukwaani. Kwenye mita 20, weka 60. Sauti kubwa zaidi kutoka mbele haitatibu tatizo hili. Itawaumiza walio karibu tu.

Bombarda haihitaji maikrofoni kwenye ukumbi mdogo. Kwenye mkubwa, maiki iwe nusu mita mbele, ikielekea katikati ya bomba, kwa sababu sauti inatoka kwenye matundu na si mdomoni mwa bomba peke yake. Ukali wake unakaa kati ya Hz 2,000 na 4,000. Punguza hapo desibeli 3 au 4 kabla ya kupunguza sauti yote. Mpigaji asimame pembeni, bomba lisielekee sikio la mwimbaji, na anayesimama jirani yake avae vizibo vya masikio. Kwa akodiani na gitaa, kata chini ya Hz 100 ili besi ipate mahali pake. Taa nazo: sakafu isiwe giza kabisa, wala moshi wa jukwaani usifike chini. Watu wanahitaji kuona miguu ya wenzao, hasa wageni, ambao hujifunza kwa kuiga palepale.

Kupanga usiku

Mara nyingi hamtakuwa peke yenu. Kutakuwa na waimbaji wawili, wapiga bombarda na biniu, pengine bendi nyingine mbili. Ulizeni walioko kabla yenu wamemaliza na nini. Kuanza na plin baada ya fisel ya waimbaji ni kuwatoa watu sakafuni.

Kwa saa moja mpangilio huu unafanya kazi: an dro dakika 7, hanter dro 6, gavotte ya milimani na vipande vyake vitatu 13, scottish 5, laridé 7, plin nzima 13, na mwisho vals 5. Inabaki nafasi ya kutangaza. Tangazo liwe jina la ngoma na mahali inakotoka, basi. Mkiona wageni wengi, shusheni mwanabendi mmoja asiyehitajika kwenye an dro akae ndani ya duara aongoze hatua. Mzunguko mmoja wa mtu huyo unazidi maelezo ya dakika tatu kwenye maikrofoni.

Mnapochukua melodi, andikeni mliikuta wapi: rekodi gani, mwimbaji gani, kijiji gani. Nyingi hazina mtunzi anayejulikana, lakini nyingine zinazosikika za kale zimetungwa na wapigaji walio hai, na hao wana haki zao. Ufaransa, baada ya onyesho mtapewa fomu ya SACEM, shirika la haki za watunzi wa muziki, ya kuorodhesha mlichopiga. Ijazeni usiku uleule, kabla hamjasahau melodi ya pili ya laridé ilikuwa ipi.

Na kabla ya kufungasha, chukueni kitu kimoja zaidi. Mwekeeni mtu kinasa sauti nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na sakafu, mbali na spika. Kesho yake msisikilize bendi, sikilizeni viatu. Pale vinapotua kama kiatu kimoja, mpango wenu wa ngoma hiyo uacheni ulivyo. Pale vinapotapakaa kama mvua ya mawe juu ya bati, rudini kwenye dakika hiyo mtafute aliyejaza hesabu ya nane.